Taka za mionzi Lamu na Malindi: mwongozo kwa afisa wa kinga anayeanza kazi

Kenya haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini taka za mionzi tunazo, na pwani ya kaskazini haikusazwa. Hutoka kwa mkandarasi wa barabara anayepima mgandamano wa udongo, kwa fundi anayekagua viungo vya mabomba, kwa kiwanda kinachopima kimo cha kitu ndani ya tangi, na kwa majengo yenye vitambua moshi vya zamani. Bandari ya Lamu pale Kililana ilifungua gati yake ya kwanza Mei 2021, na palipo na bandari pana barabara, mabomba na makambi ya ujenzi. Kambi yoyote ina siku yake ya kufungwa. Wafanyakazi hurudi makwao, mkandarasi huhamia kandarasi nyingine, na kifaa chenye chanzo cha mionzi huenda kikabaki ndani ya kontena ambalo ufunguo wake haujulikani uko kwa nani.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: chanzo cha mionzi huwa hatari zaidi pale kinapokosa mwenyewe. Kikiwa na mwenyewe anayekijua, sanduku lake na ukurasa wake daftarini, hata kile chenye nguvu huishi na watu kwa salama. Kilichosahaulika huua. Hatua zote zilizomo humu zinalenga kuzuia usahaulifu huo.

Hatua ya 1: Ujue kipi ni taka ya mionzi na kipi si taka ya mionzi

Swali la kwanza utakaloulizwa hospitalini litahusu mashine ya eksirei iliyokufa. Mashine ya eksirei hutoa mionzi pale tu inapopewa umeme. Ukichomoa waya, hakuna mionzi iliyobaki ndani, wala chuma chake hakijageuka kuwa na mionzi. Hiyo si taka ya mionzi. Ina mafuta ndani ya ganda la tyubu na ina madini ya risasi, kwa hiyo ifuate taratibu za taka hatari za kawaida zilizo chini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kabla ya kutolewa, kata waya mkuu na uondoe vibandiko vya alama ya mionzi, ili wanunuzi wa vyuma wasiingiwe na hofu bure, na pia wasije wakazoea kuidharau alama hiyo.

Taka ya mionzi ni kitu chenye atomu zinazotoa mionzi zenyewe, usiku na mchana, bila umeme na bila swichi. Kwa eneo letu utakutana zaidi na vyanzo vilivyofungwa, yaani kidonge kidogo cha chuma kilichochomelewa, kikiwa na sesiamu-137, iridiamu-192, kobalti-60 au amerisiamu-241 ndani yake. Kidonge chenyewe huwa kidogo kuliko ncha ya kidole. Kinacholeta uzito ni ganda la risasi au tangsteni linalokizunguka, na uzito huo ndio unaowavutia wauzaji wa vyuma chakavu.

Vipo pia vitu vya nyumbani ambavyo watu watakuletea kwa wasiwasi. Tambi za karabai za zamani zilitengenezwa kwa thoriamu, na karabai imewaangazia wavuvi wetu miaka mingi. Thoriamu hiyo ni kidogo. Mwambie mwenye karabai asivute vumbi la utambi uliovunjika na anawe mikono, basi. Dira za shaba za meli za kale, zile ambazo namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani, zataka uangalifu zaidi. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu-226, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Dira ikiacha kung'aa, kilichochakaa ni rangi. Radiamu ingali palepale. Isifunguliwe kioo, isikwanguliwe, isisuguliwe kwa majivu ili ipendeze kuuzwa. Funga ndani ya mfuko wa plastiki, andika, pima, na uiingize kwenye orodha.

Hatua ya 2: Elimu na vibali

Hapa nitapita haraka. Njia ya kawaida ni digrii ya fizikia, au stashahada ya upigaji picha za kitabibu kutoka KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, kwa wanaotokea hospitalini, kisha mafunzo ya kinga ya mionzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia inayofundisha shahada ya uzamili. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, huandaa kozi ndefu ya uzamili ya kinga ya mionzi kwa Waafrika wanaosoma kwa Kiingereza, na Ghana ni mwenyeji wa kozi hiyo.

Sheria inayokuongoza ni Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya kinga ya mionzi ya miaka ya 1980. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Kumiliki chanzo, kukitumia, kukisafirisha, kukiingiza nchini na kukitupa, yote hayo yanahitaji idhini yake. Afisa wa kinga asiye na barua ya uteuzi na mwenye chanzo asiye na leseni hawana la kufanya isipokuwa kukaa mbali na sanduku na kupiga simu.

Kariri vikomo vya dozi. Mfanyakazi wa mionzi hapaswi kuzidi wastani wa milisievati 20 (milisievati ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka, ukihesabu miaka 5, na asipite 50 katika mwaka wowote mmoja. Mtu wa kawaida ni milisievati 1 kwa mwaka juu ya ile anayopata kutoka ardhini, angani na mwilini mwake mwenyewe, ambayo kwa wastani wa dunia ni kama 2.4.

Hatua ya 3: Daftari kabla ya kipima mionzi

Vijana wengi hutamani kipima mionzi kwanza. Mimi nakwambia anza na daftari.

Zunguka eneo lako. Lamu kisiwani, Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu. Malindi mjini, Mambrui, Gongoni, Watamu. Ingia kwenye makambi ya wakandarasi, maabara za kupima udongo na zege, hospitali, hoteli kuukuu, karakana za meli. Uliza maswali mawili tu: mna kifaa chenye alama hii, na mliwahi kuwa nacho? La pili ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu hufungua mlango wa stoo. Chukua picha ya alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu, na picha ya alama ya ziada iliyotolewa mwaka 2007: pembetatu nyekundu yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Hii ya pili huwekwa ndani ya kifaa, kwenye ganda la chanzo, ili anayekifungua aelewe hata kama hajui kusoma.

Kila chanzo kipate ukurasa wake. Andika aina ya atomu, nguvu yake kwa bekereli na tarehe ambayo nguvu hiyo ilipimwa, namba ya chanzo, namba ya kifaa (hizi ni namba mbili tofauti, na watu huzichanganya), mwenye chanzo, mahali kilipo na nani ana ufunguo. Halafu andika kitu ambacho wengi hukiacha: kikimaliza kazi, kitakwenda wapi? Mkataba wa ununuzi ukiwa na kifungu cha kumrudishia mtengenezaji, weka nakala. Usipokuwapo, mshauri mwenye chanzo audai kabla ya kulipa, maana baada ya malipo na miaka mitano kupita, mtengenezaji hana haraka tena.

Mkandarasi akikwambia kifaa “kilirudishwa Nairobi,” omba karatasi ya makabidhiano. Niliwahi kuambiwa hivyo kwenye kambi moja, na kifaa kilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama, chini ya turubai, nyuma ya magunia ya saruji. Aliyenijibu hakukusudia kudanganya. Alirithi ofisi kutoka kwa mtu aliyeirithi kwa mwingine, na katika kupokezana huko hapakuwa na karatasi hata moja.

Hatua ya 4: Kipima mionzi, dozimita na chumvi ya bahari

Kabla ya kupima chochote, pima pasipo na kitu. Mionzi ya asili ya mahali pengi huwa baina ya mikrosievati 0.05 na 0.2 kwa saa (mikrosievati elfu moja ni milisievati moja). Lakini upande wa Mambrui kuna mchanga mweusi wenye madini mazito, na mchanga wa namna hiyo kwa kawaida hubeba thoriamu na uraniamu kidogo, kwa hiyo kipimo kinaweza kupanda bila chanzo chochote kuwapo. Vivyo hivyo kwenye meza za granaiti za hoteli. Usipojua kawaida ya mahali, utawakimbiza watu ufuoni bila sababu.

Kipima mionzi kihakikiwe kila mwaka na maabara inayotambulika. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula vituo vya betri kwanza. Toa betri kikiwa hakitumiki, kiweke kwenye kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na kabla ya kutoka kijaribu kwa chanzo kidogo cha majaribio. Kipima kilichokufa husoma sifuri, na sifuri hiyo ina uongo wa kuua. Hata mahali safi kabisa hapasomi sifuri.

Dozimita, kijikifaa kinachohesabu dozi aliyopata mtu, ivaliwe kifuani, ibaki na mtu mmoja, isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: kifaa cha kupimia udongo barabarani mara nyingi hubeba vyanzo viwili, sesiamu-137 kwenye ncha ya fimbo na amerisiamu iliyochanganywa na beriliamu ndani ya kitako cha kifaa. Hiki cha pili hutoa nyutroni, aina nyingine ya mionzi, na kipima cha kawaida hakizioni. Risasi nayo haizizuii vyema. Zinazuiwa na vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama maji, nta na plastiki nene. Ukiona kifaa cha aina hiyo, usijidanganye kwa namba ndogo ya kipima chako.

Hatua ya 5: Simu kutoka yadi ya vyuma chakavu

Hii ndiyo siku unayojiandalia. Simu inaingia kutoka yadi ya Malindi. Mwenye yadi ana sanduku la manjano lenye kifaa kizito, amelinunua kwa kilo, na kijana wake tayari ameshika nyundo.

Kwenye simu, kabla hujawasha gari, mwambie mambo matatu: aache kugonga, watu wote wasogee mbali nalo, na mtu aliyelishika asiende zake mpaka ufike. Kisha uwaarifu KNRA na polisi. Ukifika, usiingie kwa kishindo. Salimia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Sanduku lenyewe lile pale. Nimetoa pesa yangu, usije ukanipokonya tu.”

“Hapana mzee, sikuja kukupokonya. Nimekuja ili wewe na hawa vijana mrudi nyumbani salama. Nani amelishika kwa mkono?”

Swali hilo la mwisho liulizwe mapema na kwa upole, kwa sababu mtu akiogopa kushtakiwa atanyamaza, na anayenyamaza ndiye anayehitaji daktari. Mwenye yadi aliyekupigia simu mwenyewe amefanya jambo la maana. Mtendee hivyo mbele ya watu, na yadi nyingine zote zitasikia kabla ya magharibi.

Weka kamba ya tahadhari umbali wa mita 30 pande zote kama hujui hali ya chanzo. Washa kipima ukiwa bado mbali, usogee polepole, ukikitazama. Kikifika mikrosievati 100 kwa saa, simama. Hapo ndipo mpaka wa ndani, na kuvuka kwake kunahitaji mpango, muda uliohesabiwa na mtu wa pili anayekutazamia saa.

Sasa hesabu. Chukua chanzo cha sesiamu-137 cha kifaa cha udongo, chenye gigabekereli 0.3, kikiwa kimetoka kwenye ganda lake. Umbali wa mita 1 kitatoa takribani mikrosievati 27 kwa saa. Ukirudi nyuma hadi mita 2, inashuka kuwa kama 7, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili mionzi hupungua mara nne. Ukisogea hadi sentimita 10, inapanda mara mia na kuwa milisievati 2.7 kwa saa, na mtu wa kawaida hufikisha kikomo chake cha mwaka kwa dakika 22 hivi. Akikishika kwa vidole au kukitia mfukoni, ngozi iliyogusana nacho hupata zaidi ya hapo kwa mbali sana. Kwa hiyo usikiokote kwa mkono hata siku moja. Tumia koleo refu, mwendo uliofanyiwa mazoezi kwanza kwa kitu kisicho na mionzi, na chombo cha risasi kilichofunguliwa tayari kando.

Kama ganda halijavunjwa, mara nyingi kazi ni nyepesi: hakikisha kifunga chanzo kimefungwa na kufuli lipo, pima pande zote, rudisha kifaa sandukuni. Kisha fanya jaribio la kufuta. Pangusa nje ya kifaa kwa pamba au karatasi laini uliyoishika kwa koleo, itie ndani ya mfuko wa plastiki, ipimwe maabara. Ikizidi bekereli 200 chanzo kinachukuliwa kuwa kinavuja, na hapo yadi yote inageuka mahali pa kusafishwa: viatu, mizani, mikono ya watu.

Najua mambo haya yatamchosha mwenye yadi, kwa hiyo mweleze yaliyotokea Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Zahanati ya matibabu ya saratani ilihama na kuacha mashine yake ndani ya jengo tupu. Waokota vyuma wawili wakaichukua, ganda likavunjwa, na kidonge cha sesiamu-137 kikauzwa kwenye yadi. Unga wake uling'aa buluu gizani. Watu wakaugawa kwa jamaa kama zawadi, wakaupaka mwilini. Watu 4 walifariki ndani ya wiki chache, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya watu 112,000 wakapangwa foleni kupimwa. Samut Prakan, Thailandi, mwaka 2000, ilikuwa hadithi hiyohiyo kwa kobalti-60: mashine isiyotumika iliwekwa kwenye eneo la kuegesha magari, ikafika kwa wauza vyuma, watu 3 wakafa. Kote kuwili vyanzo vilikuwa na mwenyewe kwenye karatasi, lakini kwa kweli hapakuwa na anayevitazama.

Hatua ya 6: Tenganisha kwa muda wa kufifia

Usiweke taka zote pipa moja. Kinachoamua hatima ya taka ni nusu-uhai wake, yaani muda unaochukua nguvu yake kupungua nusu. Baada ya nusu-uhai 10 hubaki chini ya sehemu moja kwa elfu.

Teknesiamu-99m ya hospitali ina nusu-uhai wa saa 6, kwa hiyo kwa siku mbili na nusu inakuwa karibu si kitu. Iodini-131 ni siku 8. Siku 80 zatosha kwa taka nyingi. Iridiamu-192 ni siku 74, kwa hiyo inahitaji miaka 2. Hizi zinaweza kungojwa: zifungwe, ziandikwe tarehe, zipimwe tena, na zikifikia kiwango kilichoruhusiwa na KNRA zitolewe kama taka za kawaida, alama za mionzi zikiwa zimebanduliwa.

Kobalti-60, yenye nusu-uhai wa miaka 5.27, itakungoja miaka 50 na zaidi. Sesiamu-137 ni miaka 30, kwa hiyo inahitaji miaka 300. Nyumba nyingi kuukuu za mawe katika Mji Mkongwe wa Lamu zilijengwa karne ya 18. Chanzo cha sesiamu ambacho kingefungiwa katika daka la nyumba hizo siku ya kuhamia kingekuwa ndiyo kwanza kinamaliza kufifia. Amerisiamu-241, yenye nusu-uhai wa miaka 432, iko nje ya hesabu ya ukoo wowote. Hizi hazingojwi hapa kwetu. Huandaliwa kwa safari.

Iwapo katika mtaa wako yumo mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali alikopewa iodini-131 ya tezi, mwili wake na mkojo wake hutoa mionzi kwa siku kadhaa. Afuate karatasi aliyopewa: alale peke yake, asibebe watoto, amwage maji ya kutosha msalani, nguo zake zifuliwe kando. Familia ielezwe kwamba jambo hili lina mwisho, na asitengwe kama mwenye ndui.

Hatua ya 7: Ghala la muda

Kuna siku utalazimika kukaa na chanzo kwa wiki kadhaa, ukingoja kibali, usafiri au bahari itulie. Chumba kiwe na ukuta wa mawe au zege, mlango wa chuma, kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili, na kisiwe ukuta mmoja na chumba cha kulala, madrasa au jiko. Pima nje ya ukuta, pale mtu anapoweza kuegemea, si ndani tu. Sakafu iinuliwe juu ya maji ya bamvua na ya masika. Chuma kikaguliwe kutu kila mwezi, maana sanduku ambalo bara lingekaa miaka, pwani huanza kutoboka pembeni mapema.

Watakuja watu wenye nia njema wakikushauri ulichimbie. “Tulizike tu mchangani, Shela kule hakuna mtu.” Kataa kabisa. Matuta ya mchanga ya Shela ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji ya visima yanayonywewa Lamu mjini. Malindi nayo hunywa maji ya Baricho, kutoka mchanga wa Mto Sabaki. Mchanga wetu haushikilii kitu; mvua hupita moja kwa moja hadi kwenye maji. Wengine watasema bahari. Mkataba wa London wa 1972 uliweka masharti ya kutupa taka baharini, na tangu 1993 nchi wanachama zilipiga marufuku utupaji wa taka za mionzi wa aina yoyote. Mbali na sheria, samaki wa hapo ndiye chakula chetu cha jioni.

Waeleze majirani wa ghala. Kaunti ya Kilifi imepitia mjadala mkali juu ya kinu cha nyuklia kilichopendekezwa Uyombo, na neno hilo bado linawasha watu. Usiwafiche kilichomo ghalani wala usikipambe. Waite wazee wa mtaa na imamu, washa kipima mbele yao nje ya ukuta, kisha mkipime tena barazani kwa mmoja wao. Wakiona namba mbili zinafanana, wataamini zaidi kuliko hotuba.

Hatua ya 8: Kufunga na kuvusha

Sanduku la safari liwe la aina iliyoidhinishwa, ile iliyopita majaribio ya kunyunyiziwa maji, kudondoshwa, kubebeshwa uzito na kuchomwa kwa nondo. Pima usoni mwa sanduku na umbali wa mita 1. Kiashirio cha usafiri hupatikana kwa kugawa mikrosievati za mita 1 kwa 10: ukipata mikrosievati 4 kwa saa, kiashirio ni 0.4. Ikiwa uso wa sanduku hauzidi mikrosievati 5 kwa saa na mita 1 hakuna kitu cha kuhesabika, kibandiko ni cheupe. Uso ukifika hadi milisievati 0.5 na kiashirio kisizidi 1, ni cha manjano chenye mistari miwili myekundu. Zaidi ya hapo, hadi milisievati 2 na kiashirio 10, ni mistari mitatu. Bandika pande mbili zinazotazamana.

Kutoka kisiwani Lamu, ugumu uko majini. Mji una vichochoro na punda, gari halifiki mlangoni. Punda asibebeshwe: mzigo hugusa mwili wake, na mwenye punda hutembea kando yake njia nzima. Tumia mkokoteni wa mpini mrefu, alfajiri baada ya sala, kabla ya watoto kutoka kwenda shule, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma.

Kodi boti nzima, bila abiria wala mizigo mingine. Zungumza na nahodha siku moja kabla, umweleze anabeba nini na kwa nini asikalie sanduku. Chagua saa ya maji kujaa, ili boti iwe sawa na gati na sanduku livushwe kwa usawa badala ya kuteremshwa kwa kamba. Liwekwe katikati, chini, lifungwe pande nne, na lifungiwe boya kwa kamba ndefu kuliko kina cha mkondo, ili likizama lijulikane lilipo. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni na Julai hasa, ahirisha. Kibali huongezwa siku, lakini sanduku likizama mkondoni litakupa kazi ya wapiga mbizi.

Mokowe gari liwe limeshafika, lenye mabango ya mionzi ubavuni na nyuma, dereva aliyefunzwa, karatasi za mzigo mbele na si nyuma ya sanduku. Barabara ya Witu na Garsen ipangwe pamoja na polisi, kwa ajili ya usalama wa njia. Gari lisilale kituo cha mafuta. Dereva akila, mmoja abaki na gari.

Hatua ya 9: Makabidhiano Oloolua

Kenya inacho kituo kikuu cha kushughulikia taka za mionzi huko Oloolua, upande wa Ngong nje ya Nairobi. Huko vyanzo hupokewa, hupimwa, hutengenezwa kwa hifadhi ya muda mrefu na kulindwa. Hiyo ni hifadhi, bado si maziko. Kwa maziko ya vyanzo vidogo, IAEA imekuwa ikisukuma njia ya kisima chembamba kilichochimbwa makumi ya mita kwenda chini, kikazibwa kwa saruji. Nchi kama Ghana na Malesia zimeshaishughulikia.

Usiache sanduku getini. Simameni pamoja, msome namba ya chanzo kwa sauti, mlinganishe na karatasi, mpime tena na muandike kipimo cha kuondokea na cha kufikia. Namba zisipolingana, hapakabidhiwi kitu mpaka ijulikane kwa nini. Stakabadhi itoke nakala tatu: ya kituo, ya mwenye chanzo, na yako.

Ukirudi, ukurasa wa chanzo hicho usiung'oe daftarini. Andika tarehe, namba ya stakabadhi na jina la aliyepokea, na uambatishe dozi za wote walioshiriki, nahodha akiwemo. Kisha fungua kurasa ambazo mstari wa “kitakwenda wapi” bado ni mtupu, na uwaandikie wenye vyanzo hivyo barua ya pili, nakala kwa KNRA, ukiwataka wajibu kabla kambi haijafungwa.